Ukijani Usio na Kibali

Anayesema kwamba nchi ya Mbeleni haimo kwenye ramani asibishiwe, maana anasema kweli. Ramani yake ilichorwa zamani, tena na fundi hasa, ikapelekwa wizarani kutiwa sahihi, na mwenye kutia sahihi bado yuko safarini. Lakini nchi ipo. Ina watu wake, ina bendera, na ina makaa ya mawe, au tuseme ilikuwa nayo. Kampuni moja ya kigeni ilikuja ikayachimba kwa miaka kumi na minane, ikaipindua milima ya kusini tumbo juu mgongo chini, kisha ikafunga virago na kuacha nyuma vifusi saba vyeusi, kila kimoja na ukubwa wa kilima, pamoja na barua ya shukrani.

Kwa muda mrefu vifusi hivyo havikumkera mtu mwenye cheo. Viliwakera wanakijiji wa Lihumbu tu, ambao mvua ikinyesha waliletewa tope jeusi mpaka jikoni, na jua likiwaka walikula ugali na vumbi kwa pamoja. Mambo yalibadilika siku Mtukufu Rais alipopita juu kwa helikopta akienda kuzindua kisima. Alichungulia dirishani, akaona weusi.

“Nani kaunguza nchi yangu?” akauliza.

Msaidizi wake akamweleza kwamba haikuungua, iliendelezwa.

Kabla helikopta haijatua amri ilikuwa imeshatolewa: vifusi vyote saba viote majani ndani ya misimu miwili ya mvua. Ikazaliwa Idara Kuu ya Kurejesha Ukijani, na Idara ikapata Mkurugenzi, Bwana Anselmo Chikoti.

Bwana Chikoti alikuwa mtu mwenye elimu, suti nne na kijiba cha roho. Elimu aliipata ng'ambo, suti alishonewa na fundi wa waziri, na kijiba alizaliwa nacho. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alipoonyeshwa mdogo wake mchanga, Anselmo wa miaka mitatu aliuliza huyu analilia nini na mwenye haki ya kulia yuko hapa. Ukubwani hakupona. Akimwona mtu na gari jipya, usiku hakupata usingizi. Akienda mazikoni, kwanza aliwahesabu waombolezaji, na wakiwa wengi kuliko aliowatarajia kuja kumzika yeye, alirudi nyumbani bila kula. Mwenyewe hakuuita huo wivu. Aliuita kupenda viwango.

Siku ya kuzinduliwa kwa Idara, wataalamu wote waliitwa jukwaani. Chikoti alitangulia, akapigiwa makofi. Akafuata mtaalamu wa mimea daraja la tatu, Bi. Redempta Kapungu, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira, mzaliwa wa hukohuko Lihumbu. Makofi yake yakazidi ya Mkurugenzi kwa muda ambao mtu anaweza kumeza mate mara mbili. Chikoti aliyameza mara zote mbili. Kesho yake barua ilimhamisha Bi. Redempta, “kwa kutambua uwezo wako mkubwa,” kwenda Kifusi Namba Nne, kilichojificha nyuma ya vingine, kisichofikiwa na barabara, bila gari, bila bajeti na bila mche hata mmoja. Mkurugenzi mwenyewe akajitwalia Kifusi Namba Moja, kilichokuwa kando ya lami, mahali ambapo kila mpita njia angekiona.

*

Kifusi Namba Moja kilipandwa kwa siku moja, na siku hiyo ikapewa jina: Siku ya Taifa ya Kuchomeka Mche. Wakaja mawaziri, majaji, majenerali, mabalozi na timu ya taifa ya netiboli, na Mtukufu Rais mwenyewe akaja kwa dakika nne. Kila mgeni alikabidhiwa mche mmoja, glavu nyeupe, na kibao chenye jina lake. Wageni walikuwa mia nne. Miche mingine elfu arobaini ilichomekwa na wanajeshi.

Ulikuwa mti wa mapambo kutoka nchi za baridi, uliochaguliwa na kamati kwa sababu kwenye picha majani yake yaling'aa. Sasa, kila mche ulikuja ndani ya kiriba chake cha nailoni, na yeyote aliyewahi kupanda mti anajua kwamba kiriba huchanwa kwanza, ndipo mche uingie ardhini. Lakini viriba vya Mbeleni vilipigwa mhuri wa “Mali ya Serikali”, na kanuni inakataza kuharibu mali ya serikali bila kibali cha Bodi ya Uteketezaji. Bodi ilikutana, ikakosa akidi. Hivyo miche elfu arobaini na mia nne ikafukiwa pamoja na viriba vyake, katika mawe meusi yasiyo na chembe ya udongo.

Udongo ulikuwepo. Kampuni iliukwangua kabla ya kuchimba na kuurundika kando, mwekundu, mzuri, wenye mbegu za kila namna ndani yake. Idara iliukuta, ikatambua thamani yake, ikaujengea ghala lenye kufuli na mlinzi. Hakuna hata kijiko kimoja kilichoibwa wala kutumika.

“Ndugu wananchi!” Chikoti alihutubia siku hiyo. “Leo hatupandi miche. Leo tunapanda dira! Tunapanda mkakati! Tunapanda mazingira wezeshi!”

Bibi mmoja wa Lihumbu aliyesimama nyuma kabisa akamgeukia mwenzake. “Na hivyo vinamwagiliwa na nani?”

Askari akamwomba asogee.

Baada ya mwezi mmoja miche yote ilikuwa imekauka, kila mmoja na kibao chake au namba yake. Chikoti hakudanganya katika taarifa yake ya robo mwaka. Aliandika: “Asilimia mia moja ya miche ipo palepale ilipopandwa.” Wizara ikampongeza.

*

Habari za Namba Nne zilimfikia kwa njia ya mboga. Mchana mmoja mkewe, Mama Doroth, alimpakulia ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, naye akala kwa raha mpaka akalegeza mkanda.

“Mboga hizi umezipata wapi? Zina ladha ya zamani.”

“Kwa akina mama wa Lihumbu. Wanalima kule kwenye kifusi cha bibi shamba.”

“Kifusi gani?”

“Cha yule mama mfupi wa mabuti. Wanasema kule ni kijani hata macho yanauma.”

“Kifusi hakilimwi, Mama Doroth. Mimi ndiye mtaalamu.”

“Haya, baba. Basi umekula kifusi sahani mbili.”

Mkono wake ukashindwa kufika kwenye tonge. Kile kijiba cha kuzaliwa nacho kikaamka, akakijua, maana waliishi pamoja miaka mingi.

Kesho yake aliondoka na dereva wake, Chilumba. Gari likagota mahali barabara ilipokatika, wakaendelea kwa miguu, Chikoti katika suti yake ya pili kwa ubora. Walipozunguka kona ya Kifusi Namba Tatu akasimama kama aliyeitwa. Mbele yake kilima kizima kilikuwa kimevaa majani. Maharage yalitanda, maboga yalitambaa, nyasi zilifika kiunoni, na vichaka vya mbaazi vilikuwa vimejaa nyuki. Chini yake kijito kilichokuwa kikitoa tope jeusi kilikuwa kikipita taratibu, unaona kokoto.

Chikoti aliumia. Hakuumia kidogo. Aliona wivu mpaka kwenye magoti. Alizionea wivu nyasi kwa kumwotea mtu mwingine, akawaonea nyuki, akakionea wivu hata kijito. Alimtazama Chilumba ili ashirikiane naye katika maumivu, akamkuta dereva ameokota tango, analifuta kwenye suruali.

“Tupa hilo!”

“Ndiyo, mkuu,” Chilumba akasema, akaling'ata kabla ya kulitupa.

Bi. Redempta alishuka kuwapokea, jembe begani, tope hadi magotini. “Shikamoo, mkuu. Karibu sana. Tungejua unakuja tungekuandalia kiti.”

“Marahaba. Nani kakupa miche?”

“Hakuna miche, mkuu.”

“Mbolea?”

“Mbuzi wa kijiji. Tunawafunga zizini hapa wiki moja, halafu tunawahamishia pale.”

“Wataalamu wa nje?”

“Mtaalamu wa nje ni huyu mama, anatoka kijiji cha pili.” Wanawake waliokuwa wakilima wakacheka. Bi. Redempta akamshika Mkurugenzi mkono, kwa heshima, akampeleka walipokuwa wakifanya kazi. “Hii tunaiita ngoro, mkuu. Bibi zetu waliifanya milimani kabla ya mimi na wewe. Unafyeka majani bondeni, unayabeba, unayapanga chini kwa mistari inayokatana, yanakuwa kama vyumba. Halafu unachimba katikati ya kila chumba, kinachotoka unakitupa juu ya majani. Majani yanaozea ndani ya matuta, maji yanakaa shimoni, hayatelemki. Juu ya tuta unaanza na maharage. Mengine yanakuja yenyewe.”

“Na siri ni ipi?”

“Hakuna siri, mkuu. Jembe hili hapa, jaribu.”

Alilitazama jembe, akaitazama suti. Wala hakuamini neno hata moja. Mtu mwenye wivu huwezi kumwonyesha kitu waziwazi akakubali kuwa ndicho, kwa sababu angekuwa yeye angekificha. Alirudi garini akiwa na uhakika kwamba mwanamke yule ana dawa, na ameifukia mahali.

*

Wiki ileile ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Ukijani Usio na Kibali. Kamati ilikaa siku kumi katika hoteli ambayo madirisha yake yalitazama upande usio na kifusi, ikatoa matokeo ya kutisha. Kifusi Namba Nne kilikutwa na aina thelathini na moja za mimea, na hakuna hata moja iliyomo kwenye orodha ya Idara. Kulikuwa na ndege waliojenga viota bila tathmini ya mazingira. Kulikuwa na panzi. Mbaya zaidi, kifusi kilikuwa kimeota msimu wa kwanza, wakati mpango kazi uliidhinisha kuota kuanze msimu wa pili, baada ya semina.

Bi. Redempta akaandikiwa barua ajieleze ndani ya siku saba kwa nini kifusi chake kimeota kabla ya cha makao makuu. Jibu lilikuja siku ya pili, limeandikwa kwa kalamu ya risasi: “Mvua ilinyesha.”

Chikoti aliisoma barua hiyo akiwa amekaa, akaisoma akiwa amesimama. Alitafuta dharau ndani yake asiione, na hilo likamuuma kuliko dharau yenyewe. Ndipo akamwita Chilumba, akamtuma kule kilimani akajifanye kibarua kwa wiki moja, aichunguze dawa.

Chilumba alirudi Jumamosi, amewiva kwa jua, ana malengelenge viganjani, na amenenepa.

“Enhe? Wanaifukia wapi?”

“Mkuu, nimewachunguza sana. Wanaamka mapema.”

“Halafu?”

“Halafu wanachimba.”

“Na baada ya hapo, Chilumba? Baada ya hapo?”

“Wanakula, wanachimba tena. Na wanacheka mno, mkuu. Sijaona watu wanaocheka namna ile.” Akakuna kisogo. “Nilikuwa naomba likizo yangu ya mwaka. Kuna matuta nimeyaacha katikati.”

Likizo ilikataliwa. Lile la kucheka ndilo lililomtesa Chikoti zaidi ya yote. Majani angeweza kusema ni magugu. Kicheko angekiandikaje kwenye taarifa? Yeye katika Idara yake alikuwa na watumishi mia mbili na sita, na akipita kwenye korido wote waliinamia karatasi.

*

Ikatangazwa kwamba Mtukufu Rais anakuja kukagua. Atakagua Kifusi Namba Moja, kazi ya Mkurugenzi, na kama muda ukiruhusu atatoa Nishani ya Jani la Kwanza.

Chikoti alisimama ofisini mbele ya dirisha, akakitazama kifusi chake kilivyosimama kando ya lami, cheusi, kimechomekwa fito kavu elfu arobaini. Kama angechukua jembe siku hiyo asingewahi. Wazo lililomjia halikuhitaji jembe. Lilihitaji spana.

Jumapili, kijiji kizima cha Lihumbu kikiwa kanisani, yeye na Chilumba waling'oa bango kubwa la “KIFUSI NAMBA MOJA” wakalipeleka kule nyuma, na la “KIFUSI NAMBA NNE” wakalileta kando ya lami. Vibao mia nne vya wageni mashuhuri navyo vikahamishwa, kila kimoja kikasimikwa kwenye kichaka kilichostawi. Wakubwa wa Mbeleni hupanda miti mingi kila mwaka na hakuna anayekumbuka alipanda wapi, kwa hiyo upande huo hapakuwa na shaka. Jumatatu yakaja matingatinga, na kwa siku tatu ikachimbwa ile barabara ambayo Lihumbu waliiomba kwa miaka kumi na tisa.

Bi. Redempta alikuwa amewakuta ile Jumapili, akitoka kanisani, wakikaza nati ya mwisho. Alilisoma bango, akamsoma na Mkurugenzi.

“Ni marekebisho ya kiutawala tu,” Chikoti akasema, jasho likimtoka. “Kuanzia leo kituo chako ni kile cha kando ya barabara. Ni kama kupandishwa.”

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaanza kunguruma, mmoja akakunja kanga kiunoni. Bi. Redempta akanyoosha mkono kuwazuia. “Kilima hakijui kusoma, mkuu,” akasema, akageuka, akaenda zake.

Na Rais akaja. Alishuka, akatembea kwenye nyasi, akainama akazigusa. “Haya ni ya kweli?” akauliza, maana katika ziara zake alizoea mengine. Akakiona kibao chenye jina lake chini ya mbaazi uliomzidi kimo, akavua miwani na kujifuta macho. “Nilijua. Mama aliniambia mkono wangu una baraka.” Akamvalisha Chikoti Nishani ya Jani la Kwanza, Daraja la Juu, dhahabu upande wa mbele. Bendi ikapiga. Kwa muda wa saa moja na nusu Bwana Anselmo Chikoti hakumwonea wivu mtu yeyote duniani, na wanaomjua wanasema sura yake ilikuwa ya kupendeza.

Kisha, wakirudi kwa barabara mpya, msafara ukatokea kando ya lami. Rais akanyoosha kidole. “Na kile kiporo cheusi cha nani?”

“Namba Nne, Mtukufu. Cha Bi. Redempta Kapungu.”

“Hana aibu?”

“Tunamlea, Mtukufu. Uwezo wake ni mdogo.”

“Basi umlee kwelikweli,” Rais akasema, mkono begani kwa Chikoti. “Msimu huu wote uhamie hapo, umfundishe ulivyofanya kule. Apewe chochote atakachoomba, asije akasingizia vifaa. Nitaleta kamati ipime.”

*

Hivyo ndivyo Mkurugenzi alivyopigiwa hema chini ya kifusi alichokiua mwenyewe, akapewa kiti, kipaza sauti na mkaguzi mwenye daftari. Bi. Redempta na wanawake wa Lihumbu wakasimama mbele yake mstari mmoja, majembe mkononi, kama darasa la kwanza.

“Mwalimu,” Bi. Redempta akasema kwa adabu, “tuanze na nini?”

Mkaguzi akachovya macho kwenye daftari. Chikoti akakohoa ndani ya kipaza sauti. “Anzeni kama kawaida.”

“Kawaida ipi, mwalimu?”

“Ile… ile ninayoifundisha.”

Mstari mzima ukajificha nyuma ya kanga. Bi. Redempta hakucheka. “Nadhani mwalimu anataka tuombe kwanza ufunguo wa ghala la udongo,” akasema. Mkaguzi akaandika: Mwalimu ameelekeza udongo. Ghala likafunguliwa, mlinzi akilia. “Na nadhani mwalimu anataka tung'oe fito hizi na kuvichana viriba.” Mkaguzi akaandika hilo nalo. Wakaja mbuzi. Yakaja majani kutoka bondeni, mafurushi kwa mafurushi, yakapangwa yakikatana, mashimo yakachimbwa, udongo mwekundu ukapakwa juu ya matuta. Chikoti aliketi, akasema “Vizuri” kila baada ya muda, na kila aliposema walikuwa wamekwisha fanya.

Mvua ikanyesha. Siku ya nane baadaye alitoka nje ya hema na mswaki mdomoni, akaona matuta yametoboka mistari ya kijani. Maharage yalikuwa yamejikunja shingo, yanatoka. Alisimama pale mpaka povu likamkauka. Misimu miwili alikitaka kitu hiki, kwenye kilima hikihiki. Kimekuja, na si chake. Akamtafuta kwa macho mwenye nacho, akamkuta juu kabisa, ameinama anapalilia, wala hatazami kama kuna anayemtazama.

*

Kamati ya kupima iliongozwa na profesa mmoja mnene mwenye sauti ya redio. Walizunguka, wakapima, wakala maboga, kisha meza ikawekwa chini ya kilima na kijiji chote kikaja kusikiliza.

“Tumeshangaa,” Profesa akasoma. “Mwanafunzi Redempta Kapungu, aliyeelezwa kuwa na uwezo mdogo, ameotesha kifusi kizima kwa msimu mmoja. Mwalimu wake alitumia misimu miwili. Kwa hesabu za kitaalamu, mwanafunzi amemzidi mwalimu mara mbili. Hajapata kutokea mwanafunzi wa namna hii katika historia ya Mbeleni.”

Yakapigwa makofi. Chikoti akameza mate, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bado wanapiga.

“Kamati inapendekeza awe Mkurugenzi wa Idara. Mwalimu wake, kwa kuwa amekwisha kutoa yote aliyonayo, astaafu kwa heshima, abaki na nishani, na barabara mpya ipewe jina lake.”

Hapo mwenye akili zake angeinama, akashukuru, akaenda nyumbani kwa Mama Doroth kwa barabara yenye jina lake. Chikoti alifungua mdomo ili ashukuru. Lakini makofi yalikuwa bado yanaendelea, bibi mmoja alikuwa akipiga vigelegele, na lile neno lilikuwa linamzunguka kichwani. Mwanafunzi wa namna hii. Hajapata kutokea.

“Uongo!” akapiga kelele. “Hakujifunza! Hajajifunza kitu huyu!”

Makofi yakakatika. Profesa akashusha miwani. “Unasemaje, Mkurugenzi?”

“Alikuwa anajua tangu zamani! Sikumfundisha hata neno! Kilima kile cha nyuma, chenye nishani, ni yeye aliyekiotesha. Nilibadilisha mabango, muulizeni Chilumba!”

“Unataka kusema mama huyu ameotesha vifusi viwili?”

“Viwili!” Chikoti akaitikia kwa ushindi.

“Bila mwalimu?”

“Bila mwalimu yeyote!”

“Na cha kwanza alipewa bajeti kiasi gani?”

“Hata senti! Mimi mwenyewe nilimnyima!”

Alitazama huku na huku akisubiri wamgeukie yule mdanganyifu. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe yakitua, moja moja, na uso ukamshuka. Kijiji kilikuwa kimesimama. Yale ya mwanzo hayakuwa makofi, haya ndiyo yalikuwa makofi.

Bi. Redempta alingoja yapungue. Machozi yalikuwa yakimtoka bila kuyafuta. “Ahsante, mkuu,” akasema. “Mimi nisingeweza kujisemea hivyo. Nyumbani walitukataza kujisifu.”

Serikali ya Mbeleni haikujua la kufanya na ukweli uliotolewa bila kuombwa, kwa kuwa hakuna fomu yake. Nishani haikurudishwa, kwani sheria inaeleza kuvalisha tu. Barabara ilibaki bila jina. Bi. Redempta akawa Mkurugenzi, akahamishia Idara kwenye lile ghala tupu, na watumishi mia mbili na sita wakapewa mabuti. Chilumba alikuwa amevaa yake tayari. Chikoti akashushwa kuwa mtaalamu wa mimea daraja la tatu.

Asubuhi yake ya kwanza kazini alipanda kilima polepole, amevaa suti ya nne, ile mbaya, akasimama mbele ya mwanamke mfupi.

“Bibi Mkurugenzi. Shikamoo.”

“Usiniamkie, mkuu, wewe ni mkubwa kwangu.”

“Nina ombi.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nipe shimo. Moja tu, liwe langu. Langu kabisa, lisiwe la mtu.”

Hasira ya Bi. Redempta, maana naye alikuwa nayo, ikaja ikapita usoni. Kisha akaelekeza kwa kidevu pembeni, palipokuwa bado peusi. “Pale hapajachimbwa na mtu. Majani yapo, jembe lile pale.”

Akavua koti. Akapanga majani yakaenda upogo, bibi mmoja mkongwe wa shimo la jirani akaja akayanyoosha bila kusema kitu, akarudi kwake. Chikoti akachimba. Mawe yalimrudishia jembe mpaka mikono ikafa ganzi, suruali ikachanika gotini, na jua lilipofika utosini alikuwa na shimo linalomfika magotini, lenye matuta pande nne. Alilizunguka. Alijisikia vizuri kupita alivyojisikia siku ya nishani, akatamani Mama Doroth angekuwepo alione.

Kisha akanyanyua shingo kidogo, akalitazama la yule bibi. Lilikuwa kubwa kuliko lake. Akatema mate viganjani, akashuka tena na jembe.